Njia Inayopita kwa Yeslam

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumanne, Inspekta Ketty Mumo alimsogezea Hussam kikombe cha chai, na Hussam akakitazama kana kwamba kimewekwa pale kwa ajili ya mtu mwingine.

"Kunywa. Ni chai tu."

"Ahsante, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Sajini Griffins ananiambia sahani yako ya jana ilirudi kama ilivyokwenda."

Hussam alikisogeza kikombe pembeni. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, fundi wa kompyuta, na kwa karibu miaka miwili alikuwa akiusimamia bila ujira ukurasa wa mtandao wa kamati ya mazishi ya Mji wa Kale. Mtu akifariki, jamaa zake walimpigia simu Hussam, naye akaandika jina la marehemu, msikiti atakamoswaliwa na saa. Watu wa Kibokoni waliufungua ukurasa ule kila asubuhi kabla ya kufungua madirisha.

Alhamisi iliyopita, saa nne na robo, ukurasa ulitangaza kwamba Mzee Salmin, mwenye duka la kanga Biashara Street, ameanguka dukani na kukata roho. Wakati huo Mzee Salmin alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, anamfunulia mteja doti ya kanga. Mke wake na binti yake Jana walifika dukani miguu mitupu, na nyuma yao nusu ya Kibokoni. Walimkuta mzee hai, wakalia hata hivyo. Waliporudi nyumbani, dhahabu ya harusi ya binti huyo, iliyokuwa katika sanduku chini ya kitanda, haikuwapo. Hakuna aliyemwona mtu akiingia wala akitoka. Barazani hapakuwa na mtu wa kuona.

"Siku ile nenosiri la ukurasa alikuwa nalo nani?" Ketty aliuliza. Alikuwa ameuliza swali hilo mara nne tangu Alhamisi.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi peke yangu."

"Tangazo la Mzee Salmin uliliandika wewe?"

"La."

"Basi aliandika nani?"

"Simjui."

"Lakini unajua lilivyoingia."

Hussam alikunja mikono juu ya meza. Ketty alikuwa ameona watu wengi wakikaa mbele ya meza ile, na huyu hakuwa kama mwenye hofu wala kama mwenye hila. Alikuwa kama mtu aliyekaa kituoni akingoja basi ambalo si lake.

"Nikisema," alisema Hussam, "nitamwumiza mtu ambaye hana kosa hata moja. Mama, niacheni tu."

"Mahakama ilitupa siku tano. Zinaisha kesho saa tatu. Ukipanda kizimbani na maneno hayo, unajua utakwenda wapi?"

"Najua."

"Na mama yako anajua?"

"Mama yangu ameniletea shati la kuvaa kesho," alisema Hussam. "Amelipiga pasi."

Nje ya chumba, Inspekta Mkuu Tony alikuwa akingoja na faili kwapani.

"Amesema?"

"Hapana."

"Ana ufunguo, hana maneno. Siku hiyo hakuonekana barazani wala dukani. Unataka nini zaidi, Ketty? Akuimbie?"

"Nataka mpaka jioni."

"Jioni saa kumi na mbili faili iko kwa mwendesha mashtaka." Tony alianza kuondoka, kisha akarudi hatua moja. "Mwambieni mama yake asikae pale kwenye jua. Kuna benchi huku ndani."

Ketty aliingia ofisini, akaufunga mlango, akatandaza karatasi zake mezani. Upande wa kushoto palikuwa na picha ya tangazo la uongo, ambayo Jana, binti wa Mzee Salmin, aliihifadhi katika simu yake. Upande wa kulia palikuwa na kumbukumbu za kompyuta iliyobeba ukurasa, yaani orodha ya kila tangazo ambalo Hussam amewahi kuandika. Tangazo la Mzee Salmin halikuwamo katika orodha. Mwendesha mashtaka alikuwa na jibu lake: Hussam aliandika, akasubiri watu watoke, akafuta.

Ketty alisoma tena, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Kila tangazo lilipewa namba na kompyuta yenyewe. Picha ya Jana ilionyesha namba mia nne na kumi na mbili. Alihamia upande wa kulia. Jumatano kulikuwa na mia nne na kumi na moja, bibi mmoja wa Makadara. Ijumaa, wakati Hussam ameshafungiwa, mwenzake wa kamati alimwomba ruhusa polisi amwandikie marehemu mmoja wa Kuze, na Hussam akamtajia nenosiri mbele ya askari. Tangazo la Kuze lilipewa namba gani?

Mia nne na kumi na mbili.

Alimwita Griffins.

"Ukiandika barua kwenye daftari la ofisi, ukaifuta, barua inayofuata unaipa namba gani?"

"Inayofuata, Afande. Ile iliyofutwa imeshakula namba yake."

"Na mashine hii?"

Griffins aliinama juu ya karatasi. Alikuwa mtu wa Kisumu, mnene, mwenye kupenda mzaha, lakini safari hii hakufanya mzaha wowote. "Mashine haifikirii. Ikifuta haitairudia namba."

"Basi?"

"Basi tangazo halikufutwa. Halikuandikwa humu hata kidogo."

"Na Kibokoni nzima ililisoma."

"Walilisoma wapi basi?"

"Hilo ndilo nakwenda kumwuliza Sheryl," alisema Ketty, akachukua mkoba.

Sheryl alifanya kazi katika kampuni ndogo ya kusajili majina ya mtandao, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani katika barabara ya Moi. Alikuwa amewasaidia polisi mara mbili tatu, na kila mara alimwekea Ketty kiti chenye mgongo, maana aliwahi kumsikia akitaja kiuno. Leo kiti kilikuwa tayari, na feni imegeuzwa upande wake.

Ketty alimweleza. Sheryl aliandika maneno machache katika kompyuta, akabonyeza, akainama kusoma.

"Inspekta, watu wakitaka ukurasa huu wanaandika jina la kamati, sivyo?"

"Ndivyo."

"Jina la kamati haliendi kwenye kompyuta ya Hussam."

"Linakwenda wapi?"

"Linakwenda kwenye jina jingine." Aligeuza kioo ili Ketty aone. "Hii tunaiita rekodi ya lakabu. Chukulia mtandao una daftari kubwa la majina. Ukiuliza jina, daftari linakujibu nyumba iko wapi. Lakini kuna majina ambayo daftari haliyatajii nyumba. Linasema: huyu ni lakabu tu, jina lake hasa ni fulani, kaulize la fulani."

"Kama karatasi iliyobandikwa mlangoni. Anayenitaka, aende kwa jirani."

"Hasa. Ila mgeni haioni karatasi. Kompyuta yake inaisoma, inakwenda kwa jirani, na mgeni anajikuta ameshakaa sebuleni. Juu ya kioo bado anaona jina la kamati. Hajui kama amepitishwa popote."

"Na jirani akihama?"

"Lakabu haijui. Itaendelea kumpeleka mgeni pale pale, kwa yeyote aliyeingia baada yake."

Ketty alisogea mbele. "Jirani ni nani hapa?"

Sheryl alisoma polepole. "Jina lilisajiliwa miaka minne iliyopita na mtu aitwaye Yeslam. Muda wake uliisha mwezi wa tano mwaka huu. Likapelekewa ilani, moja, mbili, tatu. Halikuhuishwa, likarudi sokoni. Likasajiliwa upya siku ile ile liliporudi, Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa tisa na dakika kumi alasiri."

"Na nani?"

"Na Yeslam. Jina lile lile, namba ya simu ile ile. Tulituma tarakimu za uthibitisho kwenye simu hiyo, zikarudishwa baada ya dakika mbili."

Ketty aliandika tarehe na saa. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Tangu siku hiyo ukurasa ulikuwa unafanya nini?"

"Aliyelichukua jina alitengeneza ukurasa wa kunakili. Kila alichoandika Hussam, wake ulikichukua neno kwa neno. Ndiyo maana hata Hussam hakuona tofauti. Karibu mwezi mzima ulisema kweli. Siku moja tu ukasema uongo, na namba ya tangazo aliikisia kwa kuongeza moja."

"Mtu angejuaje kwamba jina la kamati limeegemea jina hili?"

"Daftari liko wazi. Yeyote anaweza kuliuliza. Kinachohitajika ni kujua kwamba jina la Yeslam linakaribia kuisha."

Ketty alipiga simu kwa Griffins akiwa bado kitini. Alimtajia jina na namba. Griffins alipiga baada ya robo saa.

"Afande, huyu Yeslam alikuwa fundi wa kompyuta wa Kibokoni. Yeye ndiye aliyeuanzisha ukurasa wa janaza. Hussam alikuwa mwanafunzi wake."

"Alikuwa?"

"Alifariki miaka miwili sasa. Pikipiki, pale Makupa. Mwana wa pekee wa mama mmoja, Bi Shariffa."

"Na simu yake?"

"Laini iko hai. Mnara unaonyesha Kibokoni, mchana na usiku, haijasogea tangu afe. Iko nyumbani kwa mama yake. Na Afande, Hussam huenda nyumba ile kila wiki. Majirani wote wanajua. Simu iko pale, Hussam yuko pale. Sipendi kusema, lakini Tony atafurahi."

Sheryl, ambaye alikuwa amesikia, aliizima feni bila sababu, kisha akaiwasha tena.

Nyumba ya Bi Shariffa ilikuwa katika kichochoro nyuma ya msikiti, ngazi ishirini na mbili za mawe, nyembamba, bila taa. Ketty alivua viatu chini. Alipofika juu alikuta kandambili zimewekwa mlangoni, jozi moja, zimegeuzwa tayari kwa mtu anayeingia.

"Sabalkheri, Bi Shariffa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nalisikia hatua zako. Kaa hapo penye upepo. Kwani umepanda na mkoba wote huo, ungeniita mimi nikashuka."

Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, amevaa kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, na uso wake ulikuwa mtulivu kama uso wa mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Alileta kahawa ya tangawizi na vipande viwili vya kashata katika kisahani. Hakuuliza polisi wamefuata nini. Alingoja Ketty amalize kikombe cha kwanza.

"Hussam yuwala chakula?" aliuliza.

"Hali."

"Huyo nimjuavyo, akiwa na jambo moyoni hali. Alipokufa Yeslam alikaa siku tatu na maji. Nalimlisha kwa mkono."

"Mama, nataka kukuuliza juu ya simu ya Yeslam."

Bi Shariffa aliinuka, akaingia chumbani, akarudi nayo juu ya kiganja. Ilikuwa imevishwa kifuko cha kitambaa kilichoshonwa kwa mkono. Chaji ilikuwa asilimia mia.

"Naitia moto kila siku," alisema. "Sina wa kumpigia. Basi tu."

"Na jina lake la mtandao, lile la ukurasa. Unajua habari zake?"

"Kidogo nijuavyo. Alipokufa, Hussam alinambia ataujenga ukurasa mahali papya, jina la Yeslam halihitajiki tena. Nikamwuliza, kwani laweza kubaki? Akanambia laweza, ataacha lakabu, watu watapitia kwa Yeslam ndipo wafike. Nikamwambia basi liwache." Alikilaza kifuko magotini. "Mwanangu hakuacha mtoto. Hakuacha kisima, hakuacha msikiti. Ameacha ukurasa wa kuwaita watu kwenye maziko. Kila anayefika kumzika mwenziwe kwa kupitia kwake, naye apata thawabu kaburini. Sadaka ya kuendelea. Nalimwomba Hussam aniahidi hataliondoa mpaka nife, akaniahidi."

Ketty aliweka kikombe chini. Sasa alijua kwa nini Hussam hanywi chai. Kijana alikuwa amelifumbua jambo siku ile ile ya Alhamisi, kabla polisi hawajagonga mlango, akaona kwamba uongo umepita katika njia aliyoiomba mama huyu kwa ajili ya mwanawe. Akachagua kwenda jela yeye.

"Mama, jina lile lilikuwa na muda wake. Likiisha, sharti lihuishwe. Simu hii ililetewa ilani mwezi wa tano."

"Zalikuja barua, ndio. Kwa Kizungu. Mimi nasoma Kiarabu na Kiswahili changu, Kizungu sikusoma."

"Hukumpa Hussam akusomee?"

"Hussam akiishika simu hii hulia. Sikutaka kumliza."

"Basi ulimpa nani?"

Bi Shariffa alimimina kahawa ya pili, akamsogezea Ketty kipande cha kashata kilichobaki. "Palikuwa na kijana mwema," alisema. "Alikuwa akivuta nyaya za mtandao kichochoroni. Akanambia, mama, haya ni matangazo ya biashara tu, hayana maana, nikufutie yasikusumbue. Akafuta. Hakutaka hata chai."

"Alikuja mara moja?"

"Mara mbili. Mara ya pili alikuja mwenyewe kunijulia hali. Dirisha lile lilikuwa halifungi, akalifunga. Kisha akaniomba simu aitazame kama yapata mtandao, akasimama nayo pale kidogo."

"Siku gani, mama? Unakumbuka?"

"Sihitaji kukumbuka. Naandika."

Alitoa daftari la shule, jalada la buluu, kutoka chini ya mto. Ndani kulikuwa na maandishi ya herufi za Kiarabu, madogo, yaliyonyooka.

"Tangu afe Yeslam, kila anayepanda ngazi hizi namwandika. Siku, saa, na alichofanya. Wako waliomsomea Fatiha. Wako waliobeba maji. Aliyekuja akakaa kimya nimemwandika pia. Kila Alhamisi baada ya Isha nawaombea mmoja mmoja, kwa majina."

"Nisomee Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni."

Kidole cha Bi Shariffa kilianza kutembea juu ya karatasi, kikasimama. Ketty aliona kimesimama, na akaona pia kwamba mama huyu hakuwa mjinga. Alikuwa ameanza kufahamu.

"Wataka kumfanya nini?"

"Nataka kujua jina lake tu."

"Daftari hili si la polisi, mwanangu. Watu hawa nimewaandika kwa wema wao. Hakuna aliyekuja akijua ataandikwa kwa jingine. Nikikusomea leo mmoja akafungwa, kesho nani atapanda ngazi zangu?"

"Hussam anapanda kizimbani kesho saa tatu."

"Hussam hakuiba."

"Najua hakuiba. Lakini aliyelichukua jina la Yeslam alilichukua kwa simu hii, Jumamosi hiyo, saa tisa na dakika kumi. Aliishika simu hii mkononi. Kama hakuna jina jingine, litabaki la Hussam, maana ndiye ajulikanaye kuingia hapa."

Bi Shariffa alitazama daftari, si Ketty. "Na Hussam hakusema?"

"Hakusema. Anaogopa utajua."

"Nitajua nini?"

Hapo Ketty alimwambia. Alimwambia kwa maneno machache, bila kuyapamba, kama Sheryl alivyomwambia yeye: karatasi mlangoni, jirani aliyehama, mtu mwingine aliyeingia nyumbani kwa jirani na kuwaita watu kwa sauti yake. Bi Shariffa alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alikikunjua kifuko cha simu magotini, akakikunja tena vile vile.

"Kwa hivyo siku ile," alisema, "watu waliokimbia miguu mitupu, walipitia kwa mwanangu."

"Walipitia kwenye jina lake. Yeye hakuwamo."

"Hakuwamo," alirudia Bi Shariffa.

Kisha akasoma. "Jumamosi. Hussam, baada ya Adhuhuri, ameleta mkate, akaenda Kikowani kuchimba kaburi la mzee wa Ndia Kuu. Saa tisa, Kingi, fundi wa nyaya. Amefunga dirisha. Si Mwislamu, hakusoma Fatiha. Amesema pole, mama. Mungu amlipe."

Ketty alifungua mkoba wake. Tangu Ijumaa alikuwa na orodha aliyotajiwa na Jana, ya watu wote walioingia nyumbani kwa Mzee Salmin katika wiki mbili kabla ya wizi: mshonaji, mchoraji wa hina, na fundi aliyevuta waya wa mtandao mpaka chumbani ili jamaa wa Uarabuni waitazame harusi. Jina la fundi alikuwa ameshaliandika mwenyewe, likapita kama majina mengine. Kingi.

"Nitalihitaji daftari, mama. Kwa siku chache. Nitakuandikia stakabadhi."

"Na Alhamisi nitawaombea vipi?"

Ketty alifikiri. "Nitalinakili lote kabla ya Alhamisi. Nitakuletea nakala mwenyewe."

"Wewe wajua kusoma Kiarabu?"

"Sijui. Nitakuja unisomee, nami nitaandika."

Bi Shariffa akamkabidhi kwa mikono miwili.

Saa saba na nusu Griffins alipiga simu kutoka Liwatoni.

"Tumempata, Afande. Yuko juu ya ngazi pale kwenye ghala la samaki, anavuta waya. Nimemwambia ashuke, akaniambia nimwache amalize kufunga, wenye ghala wasije wakakosa mtandao."

"Ukamwacha?"

"Nilimwacha. Ilikuwa skrubu mbili tu. Bangili nane na mkufu mmoja ziko ndani ya sanduku lake la vifaa, zimefungwa kwa utepe wa umeme. Hakubisha. Aliuliza tu kama ni yule mama aliyemtaja."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia daftari ndilo lililomtaja. Akasema, basi aliniandika."

Inspekta Mkuu Tony aliisoma taarifa akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Namba ya tangazo, rekodi ya lakabu, saa ya tarakimu za uthibitisho, ukurasa wa daftari, sanduku la vifaa. Alisaini hati ya kumwachia Hussam bila kusema neno, kisha akasema moja, "Haya."

Hussam alipotolewa alimkuta mama yake kwenye benchi, na pembeni ya mama yake, Bi Shariffa. Alisimama. Hakujua amwendee nani. Bi Shariffa alimwondolea shida, akainuka yeye.

"Umekonda."

"Khalati," alianza Hussam, akimwita kama dada wa mama yake, "mimi..."

"Najua. Bibi Inspekta amenambia yote. Wanificha mimi, ukubali kufungwa, ndio nini? Mimi nimeshazika mmoja."

Hussam aliinamisha kichwa. Bi Shariffa aliushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akautazama kama anayetafuta mwiba, akauachia.

"Yule mtu bado yuaweza kuutumia ukurasa?"

Ketty alijibu. "Yeye yuko ndani, lakini jina bado liko mikononi mwake, na kulirudisha kutachukua wiki. Picha na ushahidi tumeshachukua. Lakabu ikibaki, watu wataendelea kupelekwa kwake."

"Na leo kuna maiti?"

"Yuko mmoja," alisema Hussam. "Niliporudishiwa simu tu, mwenzangu akapiga. Wa Mkanyageni, ataswaliwa Alasiri. Hawataki kutangaza, wanasema ukurasa hauaminiki."

"Basi ondoa."

"Khalati, nalikuahidi."

"Nami nakufungulia ahadi yako. Watu wasichelewe kuzikana kwa ajili yangu. Ondoa."

Walikwenda kwenye meza ya Ketty. Hussam alikaa, akafungua daftari la majina la kamati. Ulikuwa mstari mmoja tu: jina la kamati upande huu, jina la Yeslam upande ule. Bi Shariffa aliomba aonyeshwe lipi ni lipi. Hussam akamwonyesha. Alilitazama kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu, kisha akatikisa kichwa kukubali, na Hussam akaufuta mstari, akaandika mahali pake njia ya kwenda moja kwa moja. Baada ya hapo akaandika tangazo la marehemu wa Mkanyageni.

"Imekwisha?" aliuliza Bi Shariffa.

"Si mara moja," alisema Hussam. Alizungumza polepole, macho kwenye kioo. "Kompyuta za watu hukumbuka njia ya zamani kwa muda. Tumeziwekea saa moja. Atakayefungua sasa, mwingine atakuja moja kwa moja, mwingine bado atapitia kwa Yeslam. Ukurasa wa kule unanakili tu, kwa hivyo watasoma jambo lile lile. Saa ikipita, hakuna atakayepita tena."

"Na hawa wa saa hii, watakaopitia kwake, watamkuta maiti wa kweli?"

"Wa kweli."

"Saa moja nzima?"

"Saa moja, khalati."

Bi Shariffa aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Alivuta kiti, akakaa, akakusanya kanga yake magotini.

"Basi nitakaa," alisema. "Nyinyi fanyeni kazi zenu."

Ketty alikuwa na kikao na mwendesha mashtaka saa tisa na nusu. Alimpigia, akakiahirisha. Griffins alileta kiti kingine, kisha cha tatu kwa mama yake Hussam. Simu ya Hussam, iliyoonyesha idadi ya waliofungua ukurasa, ilisema kumi na wawili, kisha thelathini, kisha sabini na mbili, na kila ilipobadilika alimgeuzia Bi Shariffa aone, naye akasogeza midomo kidogo, bila sauti.

Ilipofika saa tisa na dakika hamsini, Hussam aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Bi Shariffa alikaa kidogo zaidi. Kisha akauliza msikiti wa Mkanyageni ni upande gani kutokea hapa, maana alitaka kupita kwenda kuwapa pole wafiwa, na Ketty akachukua funguo za gari.